Belum, Mama

Ndugu zangu, palikuwa na binti mmoja aliyepata nafasi ya kwenda Indonesia, akae mwaka mzima nyumbani kwa wenyeji. Akajifungia chumbani kujifunza lugha yao. Akawa anakula kwa Kiindonesia, hata chafya anapiga kwa Kiindonesia. Mwalimu wake wa lugha hiyo alimpa sharti: nyumbani asitamke Kiswahili.

Mama yake ni mjane, hana mwingine wa kuzungumza naye. Afanyeje? Akajifunza neno moja. Anagonga mlango kwa pete yake, ngo, ngo, kisha anauliza, "Sudah?" Yaani, tayari? Binti anajibu bila kufungua: "Belum, Mama." Bado. Maana kule, alifundishwa, ukiulizwa kama umeolewa husemi hapana, hata uwe na mvi. Unasema belum, kwani ya kesho nani ayajuaye? Neno zuri, au siyo?

Siku moja, ngo, ngo. "Mwanangu, leo vunja sharti. Nina neno nataka nikwambie, nisije nikafa nalo. Sudah?"

"Belum, Mama. " Moyoni akasema, nikimaliza mtihani wa lugha.

Mama akacheka kidogo, akarudi jikoni. Siku ya mtihani walimkuta kaanguka hukohuko jikoni, roho imeshatoka. Binti alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasafiri.

Siku ya kwanza ugenini, mchana kweupe, anapanga nguo zake kabatini, akasikia mlangoni: ngo, ngo. "Sudah?"

Akafungua. Hapana mtu. Mwenyeji wake ndiyo kwanza anaingia na kapu la mboga. Binti akamuuliza kwa Kiindonesia safi, "Ibu," yaani mama, "umenigongea?"

"Mimi? Si ndiyo nafika!" Yule mama akachungulia nyuma ya binti. "Ila nimemsikia tangu getini. Nikadhani umekuja na mama yako."

Binti akageuka. Na mle chumbani alimotoka, kwenye mlango wa kabati: ngo, ngo. "Sudah?"

Maneno yote yale aliyoyameza, ndugu zangu, yakamkimbia. Likamtoka lilelile: "Belum, Mama."

Chumba kikanyamaza. Hakugongewa tena, na neno la mama yake hakulijua kamwe.

Na sisi je? Mwadhini anatuita kila siku: tayari? Bado. Ndugu tuliyemnunia anatusalimia njiani: bado. Mzazi anapiga simu, tunaitazama ikilia mpaka inakata. Tunasema bado kama watu waliouziwa kesho! Bado ni neno la walio hai, jamani. Ukishafukiwa, hakuna lugha inayolitafsiri.

Wewe uliyekaa karibu na mlango, mama yako yu hai? Basi inuka ukampigie. Mawaidha yangu yatakungoja. Yeye, hujui.