Kitanda cha Mkaguzi wa Bima

Redio ilipotangaza kimbunga, wakaguzi wa bima waliwahi Mikindani kama wazamiaji wa pilau la harusi. Mmoja wao, Bwana Shangali, alilitazama paa la gesti ya mama yake Siwema, lililokatiwa bima miaka tisa, akaandika: "Bovu."

"Likiezuliwa, hamlipwi," alisema akicheka.

Siwema, mwenye digrii ya sheria na ajira ya kufua mashuka, aliendelea kuanika.

Jioni Shangali alirudi na begi. Gesti nyingine zote zilikuwa zimejaa wakaguzi wenzake.

"Sorry, boss," Siwema alimzuia mlangoni. "Wewe mtaalamu umesema paa bovu. Likikuua, jela nakwenda mimi."

"Acha utani, dada! Paa zima kabisa!"

"Maneno hupeperuka, na upepo ndio huo. Niandikie."

Upepo ulipiga mluzi. Shangali aliandika haraka "Imara," akasaini, akagonga muhuri. Akapewa chumba.

Alfajiri paa lilikuwa juu ya mnazi wa jirani. Shangali alitoka uvunguni mzima, ameloa chapachapa.

"Si nilisema bovu!"

Siwema alimpa taulo, kisha akamwonyesha karatasi ya "Imara" aliyoigonga muhuri mwenyewe.

"Karibu chai, boss. Ukijaza fomu ya malipo ya bima hapa hapa, nakuongezea chapati."