Sufuria za Bi Zuwena

Katika mji wa Darul-Yakuti, enzi za Sultani Mundhiri bin Shaddadi, alikaa mjane mpika halua, jina lake Zuwena, na halua yake ikasifika hata Sultani akaagiza sinia mia kila Ijumaa kwa riyali moja kila sinia, na sharti ni kwamba ikipungua hata moja, nyumba yake itachukuliwa.

Zuwena hakuwa na nguvu za kukoroga sinia mia. Lakini siku moja, akisugua chetezo kikuukuu cha kufukizia ubani alichokinunua mnadani, akatokea jini aitwaye Qamqamu, akainama akasema amefungwa kumtumikia mwenye chetezo kile, na kwamba hali wala halipwi. Akakoroga kwa kasi ya kimbunga, na halua ikaiva kabla ya adhuhuri.

Lakini kila Jumamosi Zuwena alikuta kasha lake la fedha limepungua. Akahesabu sukari, wanga, samli na zafarani, akaona ni nusu riyali kwa sinia, na nusu ilipasa ibaki faida, wala haikubaki. Akabadili kufuli, akamshuku jirani, akamwapisha jini, na jini akaapa, naye akazidi kuchanganyikiwa hata akatia chumvi mahali pa sukari.

Alipouza bangili zake za mwisho, akamwamuru jini apike sinia moja tu, naye akakaa kutazama. Akaona kuni za robo riyali zikiteketea, kwani jini alitaka moto mkali, na akaona mwiko ukikwangua shaba ya sufuria, akakumbuka kwamba kila baada ya sinia arobaini hununua sufuria mpya kwa riyali ishirini. Basi kila sinia ilikula nusu riyali ya sufuria, na pamoja na kuni na vitu vya kupikia, jumla ya gharama ya sinia ni riyali na robo.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Bibi yangu," akasema jini, "nilidhani sufuria ni za bure kama mimi."

Zuwena akaenda barazani akaeleza. Sultani hakufahamu vipi mtu auze zaidi na azidi ufukara, akaelezwa mara tatu, na bado akakuna ndevu.

"Ewe Sultani mtukufu," akasema Zuwena, "kila sinia unayoletewa, robo riyali yake naitoa mimi."

Aliyeelewa kwanza ni mhazini wa Sultani, Harithi, mwanamume wa makamo aliyefiwa na mkewe, akamshauri Sultani, na bei ikawa riyali mbili. Jini akafundishwa kukoroga taratibu, Harithi akamposa Zuwena, wakaoana, wakaneemeka. Na asikiaye haya ajue kwamba kinacholika kidogo kidogo nacho kina bei, aijue kabla hajataja bei yake.