Kiboko na Kompyuta ya Nguvu Zote

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa kule nyuma mmeitikia kama waliokula kiporo. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wala si kale sana, maana kompyuta zilishakuwepo, alikuwepo Kiboko. Alikuwa na studio ya video ukingoni mwa mto. Mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu: STUDIO NGUVU ZOTE. Vidole vyake vinene. Akibonyeza herufi moja, zinatoka tatu. Lakini kompyuta yake aliipenda. Dada yake alimfumia kitambaa cheupe chenye maua, naye akaifunika, juu mpaka nyuma, kama watu wanavyofunika redio sebuleni. Kitambaa kikaziba matundu yote ya kutolea joto. Kiboko akasimama mbali, akatazama, akaona kimependeza.

Asubuhi moja akaja Bi Korongo. Binti yake alikuwa ameolewa, na Kiboko ndiye aliyepiga video. Bi Korongo akaeleza kwamba bibi wa bibi harusi anaishi ng'ambo ya milima. Mabawa yake yamechoka, harusini hakuja. Leo jua likitua kundi zima linahama, litapita kwake. Baada ya leo hakuna atakayepita huko mpaka mwakani.

"Mwakani sijui kama nitamkuta mama," akasema. "Nataka amwone mjukuu wake akicheza."

"Mchana utaichukua, Bi Korongo," Kiboko akajibu. "Hapa ni nguvu zote."

Akaingia ndani. Akafungua mipangilio ya umeme. Pana njia tatu: Nguvu Zote, Kiasi, na Kubana Umeme. Mnafikiri alichagua ipi? Mnamjua nyinyi.

Kazi ya kuunganisha video ikaanza. Prosesa, ndio ubongo wa kompyuta, ikapata moto. Feni ikalia vuuu, vuuu, vuuuuu. Kazi ilipofika nusu, pu! Kioo cheusi. Kimya jii. Kompyuta imejizima yenyewe isiungue.

Akaiwasha. Nguvu Zote. Vuuu, vuuu, pu! Akaipepea kwa masikio. Masikio ya kiboko mnayaona yalivyo, hata nzi hayamtishi. Akaiwasha tena. Vuuu, pu!

Jua likapita utosini. Bi Korongo akachungulia dirishani, akaondoka. Kiboko akaona haya mpaka kwenye kucha. Akakimbilia Kubana Umeme. Sasa kompyuta ikapoa, feni ikalala. Kazi nayo ikalala. Inasogea kidogo, inasimama. Inasogea kidogo, inasimama. Kwa mwendo huo kundi lingefika ng'ambo bila video.

Kiboko mwenyewe alishakauka, ngozi inamwasha. Akatoka mbio, akajitosa mtoni. Tubwi! Akatulia, pua tu ndiyo iko nje. Joto likamtoka pole pole. Ndipo akaanza kucheka. Alicheka mpaka samaki wakahama upande wa pili.

"Mimi Kiboko," akajisemea, "mchana kutwa niko majini, pua nje nipumue, na majani naenda kula jua likipoa. Tangu nizaliwe sijafanya kitu kwa nguvu zote. Halafu kompyuta naifunika kitambaa na kuikimbiza mchana kutwa."

Akarudi anachuruzika maji. Akakivuta kitambaa kwa meno. Akaisogeza kompyuta kivulini. Akachagua Kiasi.

Vuu, vuu, vuu. Feni ikapumua sawasawa. Kiboko akakaa juu ya mikono yake asiguse kitu, na hiyo ndiyo kazi iliyomshinda kuliko zote. Nje korongo wakaanza kujipanga. Jua likashuka. Vuu, vuu. Kiongozi wa kundi akapiga mabawa. Vuu, vuu. Kazi ikaisha.

Kiboko akaitia video kwenye flashi ndogo. Akaifunga ndani ya kile kitambaa cha maua, akamvisha Bi Korongo shingoni.

"Nilikwambia mchana," akasema. "Nisamehe, najisifu kuliko ninavyoweza."

Mwaka uliofuata korongo wakarudi. Bi Korongo akatua moja kwa moja mlangoni kwa Kiboko. Akamwambia kwamba mama yake aliwekewa video kwenye televisheni, akamwona mjukuu wake, akacheza naye kwa shingo tu, amekaa. Akaomba irudiwe, ikarudiwa. Mvua za kwanza hazikumkuta hai, na wakamzika na kile kitambaa.

Kiboko alilia wazi wazi. Kisha akachukua brashi, akafuta mlango wake, akaandika upya: STUDIO KIASI.

Basi wakubwa kwa wadogo, hadithi inatufunza hivi: chombo, hata mwili wako, ukikiendesha kwa nguvu zote huku umekiziba pumzi, kitakuzimikia kazi ikiwa nusu. Kipe kiasi, kipe hewa, nawe ukubali kusubiri.

Hadithi yangu nimeifikisha hapo, imekwisha. Nisogezeeni maji, maana na mimi kwa maneno haya yote nimeshapata moto.