Mkeka Mlangoni pa Chumba cha Pampu

Ukimfukuza bawabu, lala mlangoni. Mmeisikia kauli hiyo asubuhi ya leo kwenye mkutano wa mtaa, diwani alipojisifu kwamba amewafukuza walinzi wa soko, na mama mmoja akamtupia usoni. Mkacheka mpaka mkashikana mabega. Doto peke yake hakucheka. Sasa mnauliza imetoka wapi, na mnadhani mtapelekwa enzi za masultani na milango ya nakshi. Hamwendi mbali hivyo. Methali nyingine hazijaota hata mvi. Hii ilizaliwa hapa hapa mjini kwetu, katika ofisi ya maji, na aliyeizaa aliizaa kwa hasira. Mambo yalikwenda hivi.

Mji wetu hauna mto wa maana. Maji yetu yako chini sana kisimani, yanavutwa na pampu hadi kwenye tangi la kilimani, ndipo yashuke mabombani. Zamani pampu ziliwashwa kwa mkono. Kisha ukaja mradi, zikaunganishwa na kompyuta iliyowekwa katika chumba cha pampu, ikawa ndiyo inayoziwasha na kuzizima. Swichi za zamani ziling'olewa zikauzwa kama chuma chakavu. Aliyeuliza itakuwaje kompyuta ikiugua aliambiwa anapinga maendeleo.

Ili isiugue, iliwekewa programu ya kuilinda na virusi, iliyotengenezwa nchi ya mbali. Watu wa ofisi waliiita Bawabu, na jina hilo walilitoa kwa kuudhika. Maana ofisi ile ilikuwa na desturi yake: mwenye harusi lazima alete video kazini, kwa kuwa wote wamechangia, na aliyechangia anataka kuona pilau lilifika meza gani na nani alicheza. Video inakuja kwenye flashi, flashi inazunguka kutoka kompyuta hii hadi ile kama sahani ya tende, na mwisho wa safari ni chumba cha pampu, kwenye kioo kikubwa kuliko vyote. Kila ikichomekwa, Bawabu anaisimamisha, anaikagua, anaondoa uchafu, ndipo anapoiruhusu ipite. Watu walisonya, lakini maji yalitoka.

Basi nchi aliyotoka Bawabu ikagombana na taifa jingine kubwa, lile linalotupa misaada. Ugomvi wa tembo, nyasi mnazijua. Redio zikaanza kusema kwamba programu za nchi ile huchungulia kila kitu ndani ya kompyuta na kupeleka habari kwao. Wakubwa wa mkoani wakawa wanauliza ofisi gani bado inazitumia, na wanauliza kwa sauti ile ambayo mtu mwenye cheo huielewa upesi.

Aliyeielewa upesi kuliko wote ni meneja wa maji, Bwana Lukindo. Aliita mkutano wa kamati ya watumia maji, na mwenyekiti wake alikuwa Bi Tunu, mjane muuza vitenge, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno. Siku hizo Bi Tunu alikuwa na furaha na hofu kifuani pamoja. Binti yake, Siwema, alikuwa amelazwa kituo cha afya akiwa na mimba ya mapacha, na mapacha wenyewe walionyesha dalili za kutaka kuwahi. Hata hivyo alikuja mkutanoni, akamsikiliza meneja akihutubia juu ya uzalendo, na alipomaliza akasimama.

"Bwana Lukindo, huyo Bawabu hata mimi simwamini," alisema. "Anaingia kila chumba, na bwana wake kagombana na rafiki yako. Mlinzi wa namna hiyo lazima aogopwe. Mtoe. Lakini usimtoe leo kama leo hiyo huna wa kumweka."

Meneja alitabasamu, akajibu kwamba uzalendo hauna subira. Programu mpya kutoka nchi rafiki iko njiani, akasema, na mji hauwezi kulala na jasusi kitanda kimoja. Watu wakampigia makofi. Bi Tunu alirudi kukaa huku damu ikimchemka, kwa sababu alijua wanaopiga makofi hawajasikia alichosema. Walisikia tu kwamba amebisha.

Kesho yake meneja alimwita mpiga picha, akakaa mbele ya kompyuta amevaa tai, akamfuta Bawabu kwa mkono wake mwenyewe. Fundi wa kompyuta, Mbaruku, aliomba jambo moja tu: mpaka mlinzi mpya afike, asichomeke mtu flashi yoyote pale. Meneja akakubali, akatoa amri, na wafanyakazi wakaitii. Nawaambia ukweli, waliitii wote, hata wale watovu wa adabu.

Aliyeivunja ni mwenye kuitoa. Mwanawe alioa, harusi ikafana, na Jumatatu Bwana Lukindo akaja na flashi mfukoni. Alisema ya kwake ni safi, imetoka kwa mpiga video anayemjua. Aliichomeka katika chumba kile kile, akawaita watu waje waone. Bibi harusi hakuwahi hata kushuka garini. Kioo kiliganda, kikawa cheusi, na chini ya sakafu mngurumo wa pampu ukakatika. Hakukuwa na swichi ya kukimbilia.

Tangi la kilimani likaisha. Mabomba yakatoa hewa, kisha hayakutoa kitu. Mji mzima ukashuka na ndoo hadi bwawa la ng'ombe, na kituo cha afya nacho kikachota huko huko. Na katikati ya kiu ile Siwema akajifungua, watoto wawili wa kike, njiti, kila mmoja wa kuenea kwenye kiganja na nusu.

Walikuwa bado hawawezi kunyonya. Walinyweshwa maziwa ya mama yao kwa kikombe, na kikombe hicho kilioshwa kwa maji ya bwawa. Muuguzi aliyachemsha kadiri alivyoweza, lakini wagonjwa walikuwa wengi na mkaa haukutosha. Bi Tunu alikaa pale akiwapuliza pumzi watoto kana kwamba pumzi yake ingewaongezea siku. Yule aliyetangulia kuzaliwa akaanza kuhara. Mtoto mwenye mwili mdogo vile hana maji ya kupoteza. Hakufika jioni.

Maji ya kumwoshea maiti yalitoka kwa jirani aliyekuwa na dumu moja limebaki. Bi Tunu alimwosha mjukuu wake kwa birika, akijihadhari lisimwagike tone, na ni hapo hasira ilipomwingia mifupani. Hakulia. Walipotoka kuzika aliingia sebuleni kwake, akaukunja mkeka, akauweka begani, akaenda ofisi ya maji. Wanawake waliomwona njiani hawakumuuliza. Walimfuata na ndoo zao tupu.

Walimkuta Bwana Lukindo mlangoni pa chumba cha pampu akiwaeleza wageni kutoka mkoani kwamba ile ni hujuma, kwamba nchi ya Bawabu imelipiza kisasi kwa mbali. Bi Tunu alimwacha amalize. Kisha akautandika mkeka kwenye kizingiti.

"Harusi ya mwanao ilikuwa nzuri?" aliuliza.

Meneja akawatazama wageni, akasema, "Mama, pole kwa msiba, lakini adui..."

"Adui simjui. Wewe nakujua," alisema Bi Tunu. "Kumfukuza sikukukataza, nilikwambia usiache mlango wazi. Ukauacha wazi, na aliyepita na uchafu ni wewe. Sasa sikiliza. Ukimfukuza bawabu, lala mlangoni."

Meneja alisema yeye ni mkuu wa ofisi, halali chini. Wanawake waligeuza ndoo zao, wakazikalia, wakaziba njia, na wageni wa mkoani wakaanza kuangalia viatu vyao. Alipoona hakuna wa kumtetea, alivua koti akalala. Alilala pale, na aliyetaka kuingia alilazimika kumruka, mpaka Mbaruku na mafundi wengine walipoisafisha kompyuta, wakaweka mlinzi mpya, na pampu zikanguruma tena.

Mnataka kusikia kwamba haki ilitendeka? Haikutendeka. Bwana Lukindo alihamishwa, na huko alikohamia alipanda cheo. Na kama Bawabu alikuwa jasusi kweli, hilo hatulijui hata leo. Hakuna aliyeonyesha kwamba aliiba, wala kwamba hakuiba, kwa sababu hakuna aliyechunguza. Ilikuwa rahisi zaidi kupiga makofi. Haki ya kumshuku mlinzi mgeni tulikuwa nayo. Haki ya kuacha kizingiti kitupu tukajipa wenyewe, na bei yake akailipa mtoto asiye na jina.

Jina alipewa baadaye, kaburini. Wewe Doto, wenzako wamekuita hivyo tangu chekechea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukuuliza pacha wako Kulwa yuko wapi. Leo wamejua. Haya, iseme wewe, mjukuu wa Bi Tunu, wasikie inavyosemwa na wenyewe.

Doto akainua uso, akasema polepole, na safari hii hakuna aliyecheka:

"Ukimfukuza bawabu, lala mlangoni."