Bendera ya Mfalme Mnarani

Zamani za vurugu katika nchi ya Kroatia, mfalme akiwa mbali, na kila mwenye ngome akijifanya mfalme, kabaila mdogo aitwaye Vukota alibaki mtiifu. Siku moja bwana Radun, aliyewashinda majirani wote kwa nguvu, akamzingira na jeshi lake.

"Shusha bendera ya mfalme," alinguruma, "ama nikuchome pamoja na ngome yako!"

Vukota akamfungulia lango, akainama. "Nikiishusha mimi, bwana, watu watasema nimependa mwenyewe. Ishushe wewe, wakutambue."

"Basi naingia na askari wangu."

"Karibu nao. Ila watu watasema Radun alihitaji jeshi zima kuteremsha kitambaa."

Radun akafura. Akaingia peke yake, akapanda mnara, akaing'oa bendera na kuipunga juu ili jeshi lake limwone.

Vukota akaukomea mlango wa mnara kwa nje, akasimama ukutani. "Enyi askari! Bwana wenu amerudi kwa mfalme! Tazameni anavyoipeperusha bendera yake!"

Askari walikuwa wameahidiwa ngawira. "Katuuza!" wakafoka. Radun alipiga mayowe kule juu, lakini upepo ukayameza, na kadiri alivyozidi kupunga ndivyo walivyozidi kumlaani. Wakaenda zao, wakimchukua hata farasi wake.

Jioni Radun akabembeleza nyuma ya mlango. "Nifungulie, Vukota."

"Nitakufungulia ukishaapa utii kwa mfalme, bwana. Jeshi lako lote limeshaamini. Umebaki wewe tu."