Picha ya Bibi Benadetha

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Methali hii watu huiitikia kwa kutikisa kichwa, kisha huendelea na mambo yao kana kwamba inawahusu majirani. Maana yake ni kwamba asiye na habari ya jambo hulipapasa kama kipofu, na akigusa kitu asichokitambua hukipa jina la kile anachokiogopa. Afadhali basi angetulia! Kumbe wapi, asiyejua ndiye mwenye mkono mwepesi. Aulizwe Mzee Kagaruki wa kijiji cha Kaagya.

Mwaka wa 1973 Mzee Kagaruki alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kazi hiyo ilimkaa kichwani kuliko kofia yake. Mwaka uliotangulia ndege za adui kutoka ng'ambo ya mpaka zilikuwa zimedondosha mabomu Bukoba, na tangu hapo wananchi walihimizwa wawe macho. Wengine waliitikia, kisha wakaenda kupalilia migomba. Kagaruki yeye alikuwa macho kweli kweli. Muuza sufuria akipita, anamfuata. Mgeni akiuliza njia ya kwenda ziwani, anamuuliza ziwani ana nini.

Mama yake, Bibi Benadetha, alikuwa mkongwe aliyebaki na meno machache na maneno mengi. Ndiye aliyemlea Georgina, binti wa marehemu mdogo wake Kagaruki, tangu akiwa mchanga. Sasa Georgina alikuwa ameolewa na fundi wa reli, na alikuwa apande meli kwenda Mwanza, kisha treni hadi Tabora. Siku moja kabla ya safari ndugu na majirani walikusanyika kwa karamu nyumbani kwa Bibi kumuaga.

Georgina alikuwa na ombi moja tu: picha ya Bibi. Bibi Benadetha hakuwa amepigwa picha maishani mwake. Kila alipoombwa alijibu kwamba sura yake haijapotea hata itafutwe. Lakini safari hii mjukuu alilia.

"Bibi, Tabora si Kamachumu, kwamba nitakuja Jumapili nirudi Jumatatu," alisema. "Sijui kama tutaonana tena. Nipe uso wako niende nao."

"Haya, waitu, mpendwa wangu, uchukue," Bibi alijibu, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Lakini huyo mpiga picha asinikate kichwa."

Maneno hayo yalikuwa na sababu. Mpiga picha mwenyewe alikuwa Gamaliel, bwana kilimo kijana kutoka Rubya, aliyejifundisha kazi ya kamera kwa kubahatisha. Bwana harusi mmoja alikuwa amepewa picha yake haina kichwa, akaambiwa ashukuru walau suti imetoka. Hata hivyo Gamaliel hakuwa mtu wa kukata tamaa. Kwa karamu hii alikuwa na filamu moja tu, ya mwisho kupatikana Bukoba mjini. Mwenye duka alimwambia nyingine hajui italetwa lini.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nyumba ya Bibi ilikuwa na madirisha madogo, na migomba ya kibanja, shamba linaloizunguka nyumba, ilikuwa imeyaziba kwa majani, basi ndani kulikuwa na giza mchana mchana. Balbu za kamera za kumulikia hazikuwapo mjini tangu Krismasi. Gamaliel aliingia akatazama huku na huku, akaguna.

"Mwanga hautoshi," alisema. "Jamani, nahitaji mwanga."

Mara akaletewa akamwani, kama ilivyo desturi ya Wahaya: punje za kahawa kavu katika kikapu kidogo, mgeni atafune kabla ya mazungumzo. Nyumba inayokupa kahawa imekupa moyo wake. Gamaliel, mtoto wa Kihaya aliyelijua hilo tangu utotoni, akatikisa kichwa! Aliogopa vidole vyake visije vikachafua kioo cha kamera. "Baadaye, baadaye," alisema, naye akaendelea kupima umbali kwa hatua.

Kagaruki, aliyeketi karibu na mlango, aliacha kutafuna. Mtu gani huyu anayekataa kahawa ya nyumba? Anayekuja kwa wema ana sababu gani ya kuikataa? Tangu hapo hakumwondolea jicho.

Na kila alichokiona kilizidisha mashaka. Alimwona Gamaliel akiingia chumba cha ndani na kujifunika blanketi gubigubi, mikono ikichezacheza humo kama ya mwizi. Alikuwa anapachika filamu gizani isije ikaunguzwa na mwanga, lakini Kagaruki angejuaje? Kisha alimwona akitundika shuka nyeupe ukutani mkabala na dirisha linalotazama ziwani, na kuwasha karabai mbili. Kijana alitaka shuka zirudishe mwanga usoni mwa Bibi. Balozi aliona ishara kwa ndege.

"Ndugu, shuka hizo za nini?" aliuliza.

"Za mwanga, Mzee."

"Na karabai mbili mchana?"

"Mwanga tu, Mzee Kagaruki. Nawaomba mnaoziba mlango msogee. Mwanga!"

"Mwanga, mwanga," Kagaruki alinong'ona kwa jirani yake. "Huyu hana neno jingine. Kuna jambo."

Hatimaye Bibi Benadetha aliketishwa kati ya karabai mbili, amevaa kitenge kipya, rozari mkononi. Alisahau kwamba anapigwa picha, akamtazama Georgina aliyesimama nyuma ya kamera, na uso wake wote ukacheka, mpaka kidoa cheusi cha shavuni. Gamaliel aliliona hilo, akainamia kamera upesi. Kwa kuwa mwanga ulikuwa hafifu, kamera ilihitaji kuachwa wazi kwa muda, na mtu asitikisike.

"Hapo hapo, Bibi! Usipumue!"

Kamera ikalia. Watu wakapiga vigelegele. Georgina akamkumbatia bibi yake, wote wawili wakicheka na kulia.

Kagaruki hakucheka. Alisimama, akapasua kundi la watu.

"Umemkataza mama yangu kupumua?" aliuliza kwa sauti iliyozima vigelegele. "Mbele ya macho yangu? Lete hicho kidude."

"Mzee, ni kamera tu."

"Kama ni kamera tu, ifungue tuone kilichomo."

Gamaliel aliikumbatia kama mtoto. "Hapana, Balozi! Nakusihi. Ikifunguliwa mwanga utaingia, kila kitu kitaharibika!"

Kagaruki akawageukia wageni, uso umemng'aa kwa ushindi.

"Mmesikia wenyewe! Tangu asubuhi anautafuta mwanga. Ametundika shuka kwa ajili ya mwanga, amewasha karabai kwa ajili ya mwanga, ametufukuza mlangoni kwa ajili ya mwanga. Sasa namwambia afungue, anauogopa mwanga! Mwongo huyu anaficha nini?"

Hoja hiyo iliwaingia watu. Hata waliokuwa wakipiga vigelegele walitazamana. Georgina alimshika mkono, "Baba mkubwa, waitu, usifungue! Picha ya Bibi imo humo!" lakini balozi alikwisha kuipokonya. Alibonyeza hapa, akavuta pale, mfuniko wa nyuma ukafunguka. Akaivuta filamu yote nje kama mtu atoaye utumbo wa kuku, akainyoosha mbele ya karabai aone siri za adui.

Hazikuwapo. Ulikuwa utepe mtupu, unaong'aa.

"Hakuna kitu," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Sasa hakuna," Gamaliel alijibu. Alikaa sakafuni, akajishika kichwa.

Bibi Benadetha, asiyeelewa, aliuliza kutoka kitini, "Je, nimetoka vizuri?" Kesho yake meli iliondoka Bukoba na Georgina, mikono mitupu.

Bibi alifariki kabla ya msimu wa senene, wale panzi wa Novemba. Barua ilichelewa, na Georgina alifika Kaagya siku nyingi baada ya maziko, ana mimba kubwa. Alikaa kaburini, kisha akaja kuketi kwa Kagaruki.

"Baba mkubwa," alisema, "mwanangu nitampa jina la Bibi. Lakini uso wake umeanza kunitoka. Kile kidoa chake, kilikuwa shavu la kulia au la kushoto?"

"La kulia," Kagaruki alijibu upesi. Akajigusa shavu moja, akajigusa la pili. "Hapana, ngoja. La kushoto." Akafumba macho akimtafuta mama yake aliyemzaa, aliyemwona kila siku ya maisha yake, na asimpate. Machozi yakamtoka mzee mzima mbele ya mtoto wa mdogo wake.

"Nisamehe, Georgina," alisema. "Sikujua. Nilidhani ninawalinda."

Georgina alimsamehe, kwa kuwa alikuwa na moyo wa aliyemlea. Lakini msamaha haukurudisha uso wa Bibi Benadetha, na swali la shavu halijapata jibu hadi leo pale Kaagya. Kweli, usilolijua ni kama usiku wa giza.