Usukani Uliopendwa Kupita Kiasi

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wafalme na majini, ni hii zamani ya karibu, ya magari na matope, palikuwa na dereva mmoja katika milima ya Upare, jina lake Elieskia. Sogeeni basi. Nawe uliyeshika simu iweke chini, maana mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Elieskia alikuwa na landrova kuukuu ya kijani, na wanakijiji waliipa jina la Shangazi, kwa kuwa ilibeba watoto wa kila mtu bila kununa. Mgonjwa kazidiwa? Shangazi. Bibi harusi anashuka? Shangazi. Kabichi za soko la bondeni? Shangazi huyo huyo. Barabara ya kushukia ilikuwa na kona arobaini. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hewa tupu. Elieskia alizijua kona zote arobaini kama ngazi za mlango wake.

Masika moja tairi la mbele likagonga jiwe. Usukani ukajizungusha kwa nguvu, ukampiga teke, na bega lake la kulia likachomoka. Daktari akamwambia, "Mzee, utapona, lakini bega hili halitakuwa lile la zamani. Jihadhari na uzito, jihadhari na mateke ya mawe, jihadhari na kuzungusha sana." Akakaa bondeni kwa dada yake miezi mitano akijiuguza. Shangazi akabaki nyumbani amefunikwa turubai.

Sasa tegeni masikio. Watu watatu walimpenda Elieskia, na wote watatu walikuwa na ugonjwa mmoja: wakitenda wema, hawasemi. Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa. Ukikuta kuni zimepasuliwa uani, usiulize nani kapasua, utamwaibisha. Tena walimjua mtu wao. Akisikia anahurumiwa, angekataa katakata.

Wa kwanza ni mkewe, Nakundwa. Nakundwa alisema moyoni, "Mume wangu asiumizwe na uzito." Alikuwa na mtamba mmoja, kizazi cha ng'ombe aliyeachiwa na marehemu mama yake, na hakubakiwa na kitu kingine cha mama yake. Akampeleka kwa mwenye duka la vipuri, akapewa pampu mpya ya usukani, yenye nguvu kweli kweli, ikafungwa mahali pa ile iliyochoka. Usukani ukawa laini, unaugeuza kwa kidole. Nakundwa akarudisha turubai, akashuka bondeni kumuuguza mumewe. Akasema kitu? Hakusema.

Wa pili ni mdogo wake, Kibacha. Huyu alikuwa na landrova yake mwenyewe, mbovu, imekaa juu ya mawe miaka tisa, na kila mwaka aliapa kwamba mwaka huu itaamka. Kibacha alisema moyoni, "Kaka yangu asiumizwe na mateke." Akang'oa springi ndefu na matairi makubwa ya gari lake, vitu alivyovitafuta ujana wake wote, akamvisha Shangazi. Shangazi akainuka shubiri nzima juu ya mawe. Kibacha aliona usukani ni laini, akadhani kaka yake alishautengeneza kabla ya kuumia. Akarudisha turubai, akaenda zake. Hakusema.

Wa tatu ni binti yake, Eliaika, fundi wa magari kule Tanga. Eliaika alisema moyoni, "Baba yangu asiumizwe na mizunguko." Gereji alikofanya kazi kulikuwa na boksi la usukani la kukata haraka, ambalo mizunguko minne kwake ni miwili. Tajiri wake akasema bei yake ni mishahara ya miezi minne, na Eliaika akakubali. Harusi yake ikasogezwa mbele, mchumba akanuna wiki nzima. Akapanda nalo mlimani, akalifunga kwa mikono yake. Aliona gari limeinuliwa na pampu ni mpya, akadhani ndivyo baba alivyotaka. Akalijaribu uani, mbele na nyuma, likakubali. Uani hakuna kona. Naye akarudisha turubai, na naye hakusema.

Elieskia akapona, akarudi. Alipofunua turubai alisimama akilitazama gari lililomzidi kimo. Akapanda kwa shida, akashika usukani, na usukani ukamtii kabla hajaamua. Hakuuliza. Katika nyumba ile, ukikuta kuni zimepasuliwa, unakoka moto.

Jumatatu akapakia kreti za nyanya, akashuka peke yake. Raha iliyoje! Bega halimuumi hata kidogo. Anapiga mluzi, kona ya kumi, ya kumi na tano. Kufika kona ya kumi na saba, vumbi likamwingia puani, akapiga chafya. Moja tu, chafya ya kawaida ya mtu mzima. Mkono ukatikisika kidogo, na Shangazi akarukia kwenye hewa tupu. Elieskia akarudisha, gari likarukia ukutani. Zamani usukani ukiuachia ulirudi katikati wenyewe. Huu ulikaa pale pale ulipoachwa. Akavuta breki, tairi moja likasimama likichungulia bonde, na kreti tatu za nyanya zikaondoka zenyewe kwenda chini.

Akateremka, akaketi kwenye jiwe. Akaukunja mkono wa kulia, akaukunjua, akaukunja tena. "Ni huu mkono," akajiambia. "Mkono umekwisha. Mimi basi tena." Na mwanamume yule wa miaka sitini na miwili akalia pale kona ya kumi na saba. Anayetaka kumcheka akamchekee kwake, si hapa.

Akarudi mwendo wa kinyonga. Nyumbani akatundika ufunguo msumarini. "Shangazi auzwe," akasema.

"Kulikoni, Baba Eliaika?" mkewe akauliza.

"Nimechoka tu."

"Na harusi ya mtoto Jumamosi hii?" Maana Eliaika alikwishaapa kwamba hatashuka kanisani kwa gari jingine ila la baba yake, na baba yake akiwa kwenye usukani.

"Atapelekwa na mwingine."

Eliaika, aliyekuwa amefika kwa ajili ya harusi, akachungulia mlangoni. "Basi nitashuka kwa miguu na shela yangu. Kona zote arobaini."

Nakundwa aliutazama uso wa mumewe, akajua kuna jambo. Akaagiza aitwe Fundi Kiangi wa bondeni, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa uzi. Fundi akachukua ufunguo, akaondoka na gari, na baada ya kitambo akarudi kwa miguu.

"Gari liko wapi?" wakamuuliza.

"Nimeliacha njiani, kwa heshima," akasema. "Bado nina watoto wadogo."

Likavutwa mpaka uani. Siku mbili Fundi Kiangi alikuwa chini yake. Ijumaa asubuhi akatoka, akafuta mikono, akasema mbele ya wote, na Kibacha akiwapo:

"Nimepiga kabari kati ya springi na ekseli, ili matairi yakumbuke kurudi katikati. Nimeweka shokapu ya usukani, ipunguze papara. Limetulia nusu. Nusu iliyobaki sitaipata mpaka kimoja kati ya vile vitatu kitoke, kirudi kile cha zamani."

"Vitatu vipi?" Elieskia akauliza.

"Pampu. Springi. Boksi. Si wewe uliyevifunga?"

"Mimi? Mimi nilikuwa kitandani."

Nakundwa akatazama kanga yake. Kibacha akatazama mbingu. Eliaika akatazama kucha zake zenye grisi. Na walipotazamana, wakajuana.

"Mzee," Fundi Kiangi akasema, "umekuwa ukiulaumu mkono siku zote hizi, nakuona unavyouficha. Mkono wako ni mzima. Kila mmoja hapa amefanya sawa. Ila vitatu vikikutana, usukani unapagawa: gari lako limependwa kupita kiasi."

Elieskia akauinua mkono ule, akautazama kama mgeni aliyerudi. Nakundwa akatangulia kusema.

"Itoke pampu. Mimi ndiye niliyeanza, bila mimi ule wepesi usingekuwapo."

"Ikitoka," Fundi akasema, "uzito utarudi. Kila akigeuza mahali pafinyu, bega litalia."

"Isitoke!" Kibacha akaruka. "Shemeji, mtamba wa mama yako ameshazaa kwa mwenye duka, harudi tena yule. Zitoke springi zangu. Mimi si fundi, urefu wake umeilaza ekseli vibaya bila mimi kujua. Mimi ndiye niliyeusahaulisha usukani njia ya katikati."

"Zikitoka, mawe yatarudi, na mateke yake."

"Na gari lako je, mdogo wangu?" Elieskia akauliza. "Miaka tisa?"

"Gari gani, kaka?" Kibacha akasema, akijaribu kucheka. "Mle kuku wanataga."

Eliaika akasimama katikati yao. "Mama hakujua. Baba mdogo hakujua. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyepaswa kujua. Litoke boksi langu."

"Likitoka," Fundi akasema, "mizunguko inarudi. Kona arobaini, bega litachoka kabla hajafika chini. Bega lake litavumilia taabu moja kati ya hizi tatu. Mbili halitavumilia. Kwa hiyo kinatoka kimoja tu."

"Mwanangu," Elieskia akasema, "kumbe harusi iliyochelewa ilichelewa kwa ajili ya chuma kile?"

"Harusi haikuharibika kwa kuchelewa, baba. Wewe ungeharibika."

Basi ukazuka ugomvi ambao hamjapata kuuona. Watu wanagombania kupata, hawa wanagombania kung'olewa. Changu! Hapana, changu! Mpaka jirani akachungulia uani akidhani kuna msiba.

"Nyamazeni!" Elieskia akasema. "Nitolewe mimi. Aendeshe mwingine, na vitu vyenu vikae vyote."

Nakundwa akamgeukia, macho yamejaa. "Wewe hufunguki kwa spana," akamwambia.

Fundi Kiangi akasafisha miwani. "Mzee, harusi ni kesho, nami nina saa nne za kazi. Ingia chini ya gari mwenyewe. Weka mkono juu ya kimoja. Nitakachokuta umekishika, ndicho nitakachofungua, wala sitasema neno."

Elieskia akatandika gunia, akalala chali, akajisukuma chini ya Shangazi. Na pale chini akaviona vyote vitatu kwa mara ya kwanza. Kule juu, pampu ya mtamba wa mama mkwe wake. Huku na huku, springi za ndoto ya mdogo wake. Mbele, boksi lenye alama za spana ya binti yake, bolti zimekazwa moja moja kwa adabu. Machozi yakamtoka, na kwa kuwa alikuwa amelala chali, yakamwingia masikioni.

Waliobaki nje waliona miguu yake tu. Nakundwa aliomba kimoyomoyo, iwe yangu. Kibacha aliomba, ziwe zangu. Eliaika aliomba, liwe langu. Na chini ya gari mkono wa kulia, ule uliosingiziwa, ukainuka wenyewe bila maumivu, ukashika kimoja.

Haya, nimefika. Mtamba wa marehemu, gari lililongojwa miaka tisa, harusi iliyosogezwa. Uzito, mateke, mizunguko. Msinijibu kwa pupa, kila mmoja amfikirie mtu wake wa nyumbani kwanza. Je, ni wawili gani waliostahili zawadi zao zibaki, na ninyi mngekuwa mmelala pale chini, mkono wenu ungeshika cha nani kitoke?